Alifu kwa Kijiti: Jinsi Mkono Unavyolifunza Jicho Kutambua Herufi

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, kuandika herufi ni kazi ya mwili kabla haijawa kazi ya lugha, kwa kuwa jicho hupima umbo, ubongo hulipangia mwendo, na vidole huutekeleza mwendo huo huku jicho likisahihisha kila mstari unaopotoka. Ushirikiano huo huitwa uratibu wa jicho na mkono, nao hujengeka hatua kwa hatua: kwa kawaida mtoto huweza kuiga duara akiwa na miaka mitatu hivi, msalaba akiwa na minne, mraba akikaribia mitano, na pembetatu baadaye kidogo. Herufi nyingi zimeundwa kwa vipande hivyohivyo vya duara, vijiti na mishazari, na kwa hiyo mpangilio wa kuzifundisha una uzito sawa na bidii ya kuzifundisha.

Kililana, eneo la bara katika Kaunti ya Lamu ambako gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, ni mahali pafaapo kulichunguza jambo hili, kwani kama ilivyo kote Lamu, watoto wengi wa Kiislamu hujifunza herufi mara mbili: za Kiarabu chuoni, yaani madrasani, zinazokwenda kutoka kulia hadi kushoto, na za Kilatini shuleni, zinazokwenda kutoka kushoto hadi kulia.

Katika vyuo vya zamani vya pwani, mtoto aliandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi juu ya ubao, ambao ulioshwa somo lilipokwisha ili uandikwe upya. Ubao huo ulisamehe makosa, kwa maana kosa lilifutika kwa maji, na mkono ulipata nafasi ya kurudia umbo lilelile mara nyingi bila hofu ya kuharibu kitu. Aidha, kwa kuwa mkono wa kulia unaoandika Kiarabu hukaa upande uliokwisha kuandikwa, mtoto alilazimika kuuweka mkono chini ya mstari ili asiufute wino mbichi, na hapo akajifunza kutuliza kifundo na kuviachia vidole kazi ya kuchora.

Ubora mkubwa zaidi wa chuo umo katika mfuatano wenyewe wa herufi. Alifu ni kijiti kimoja kinachoshuka, ndiyo maana Waswahili husema alifu kwa kijiti wanapotaja mwanzo kabisa wa elimu. Baada yake hufuata be, te na the, zenye mwili mmoja ulioinama kama ngalawa na kutofautiana kwa nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Kisha huja jimu, ha na kha, zenye mwili mwingine wa pamoja. Mkono hujifunza mwendo mmoja na kuurudia, ilhali jicho hukazwa kuhesabu nukta na kuangalia mahali zilipo. Ugumu huongezwa kidogokidogo, kila jipya likiegemea lililokwisha kuzoeleka.

Mfuatano wa a, b, ch, d hauna mpango huo, kwani herufi zinazokaribiana katika orodha hazikaribiani katika mwendo. Utaratibu wa irabu tano, a, e, i, o, u, ambao ndio mlango wa kusoma Kiswahili, nao unafaa sauti kuliko mkono, kwa sababu huchanganya mviringo na kijiti tangu siku ya kwanza. Mwalimu anayeujali mkono huzipanga herufi kwa familia za mwendo: kwanza l, i, t na u, zinazoanza kwa kushuka, kisha o, a na d, zinazoanza kwa mviringo wa kuelekea kushoto, halafu n, m, h na b, zinazoshuka, zikapanda na kupinda. Kwa Kiswahili mpango huu hauchelewi kuzaa maana, maana l, i, t, u, o na a pekee zinatosha kuandika taa, tui, tatu, lala na ota.

Mpango huo pia hutibu tatizo la herufi zinazogeuzwa. Kwa jicho la mtoto, dau lililoelekeza omo kushoto na lililoielekeza kulia ni dau lilelile, na ujuzi huo humfaa katika kila kitu isipokuwa herufi, ambamo kugeuza d kuwa b humfanya dada awe baba. Hilo ni jambo la kawaida hadi kufikia miaka saba hivi. Jicho likishindwa kutenganisha, mkono huweza kutenganisha, ilimradi d ifundishwe katika familia ya mviringo na b katika familia ya kijiti, ili kila moja iwe na mwanzo wake katika misuli.

Kwamba mkono hulifunza jicho si dhana tupu. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt walichapisha utafiti uliofanyiwa watoto wa Marekani wasiojua kusoma bado, ambao walichora herufi wenyewe, au wakapitisha kalamu juu ya mistari iliyochorwa, au wakazipiga kwa kibodi. Ni baada ya kuchora wenyewe tu ndipo sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma zilipoamka kwa nguvu. Kwa hiyo vitabu vya kufuatisha vitone vinafaa kuwa daraja, wala visifanywe makao.

Maandalizi ya mkono hayahitaji gharama. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapapasisha watoto herufi za karatasi ya msasa kabla ya kuwapa kalamu. Kililana, sinia la mchanga hutimiza kazi hiyo, nalo hufutika kwa kutikiswa kama ubao ulivyofutika kwa maji. Kusuka ukili na kutunga shanga huimarisha kidole gumba, cha shahada na cha kati, ambavyo ndivyo vitakavyoishika kalamu. Kilichobaki ni mwalimu wa shule na mwalimu wa chuo kukaa pamoja, kwani mkono wanaoufunza, asubuhi na jioni, ni mmoja.