Bamba la Katikati

Land Rover za Series III, zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, bado zinapanda milima ya Mbooni, ingawa nyingi zimeshabadilishwa injini. Ile ya petroli ya cc 2286 hunywa mafuta bila huruma. Wenye magari huitoa wakatia dizeli ya Toyota, mathalani 3L ya cc 2779, ya kutoka kwenye Hiace au Hilux kuukuu. Giaboksi hubaki ileile, kwa sababu transfa inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma imefungwa mgongoni mwake. Kazi ipo hapo: matundu ya bolti ya Toyota hayalingani na ya Land Rover, hivyo ni lazima lichongwe bamba la chuma la kukaa katikati ya injini na giaboksi.

Fundi niliyemtazama pale Kikima alianza na katoni. Aliibana nyuma ya injini, akagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka kona za chuma zikaikata zenyewe. Kwenye kila tundu la bolti aliweka gololi ya beringi na kuigonga mara moja. Kiduara safi kikadondoka. Akafanya vivyo hivyo kwenye hauzingi ya klachi, kisha akahamishia alama zote kwenye chuma.

Katoni hutosha kwa bolti, maana bolti ina nafasi ya kucheza kidogo. Haitoshi kwa shafti. Shafti ya giaboksi hupita kwenye klachi pleti, ncha yake ikaingia kwenye bushi nyuma ya krenki, na vyote hivyo sharti viwe mstari mmoja. Mstari ukipinda, bushi huliwa, klachi huchanika na gia huruka. Bushi yenyewe ilikerezwa upya kwa shaba: nje kipimo cha Toyota, ndani kipimo cha Land Rover. Klachi pleti nayo ikavalishwa kitovu cha Land Rover, ili meno yake yashike shafti.

Kisha ikaja geji ya mshale, chombo ambacho gereji nyingi za kando ya barabara hazina. Aliisimamisha kwa sumaku juu ya flaiwili, ncha ikigusa ukuta wa ndani wa tundu la hauzingi, akazungusha krenki kwa mkono. Mshale ulikwenda, ukarudi. Kosa halisi ni nusu ya mchezo wa mshale, kwa hiyo alilisukuma bamba nusu tu, kwa kipande cha mti na nyundo. Akazungusha tena. Akagonga tena, safari hii kwa upole zaidi. Mshale ulipobaki kucheza chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, alikaza bolti, akapima upya, ndipo akatoboa matundu ya pini za kulizuia bamba lisihame kamwe.

Kufunga injini kwenye chesisi, paipu na nyaya ni kazi ya kawaida. Gari likashuka hadi Tawa na kupanda tena, gia zote zikiingia bila kelele. Aliporudi akachukua jeki na kuanza kuteremsha giaboksi.

“Fundi, si imekubali?” mwenye gari akauliza.

“Imekubali, mzee. Nataka kuona bushi inaliwa upande gani.”

Alimulika kwa tochi. Alama ya shafti ilikuwa imezunguka sawasawa pande zote. Akapaka grisi, akafunga.