Kikao cha Wazi si Mkutano wa Hadhara
Katika tafsiri kadhaa tumekuta chombo kinachotawala jiji la Miami kikiitwa "tume", na kikao chake "mkutano wa hadhara". Istilahi zote mbili zinapotosha. Tume ya Jiji la Dar es Salaam (1996–2000) iliteuliwa na Serikali. Wajumbe watano wa Miami huchaguliwa na wananchi, kwa hiyo hilo ni baraza. Mkutano wa hadhara nao, kwetu, ni wa jukwaa na vipaza sauti (na ngoma mara nyingi). Sheria ya Florida ya 1967 yataka milango iwe wazi. Ile ya 2013 yampa mwananchi nafasi ya kusema kabla ya uamuzi, lakini kura ni ya wajumbe peke yao. Twapendekeza "kikao cha wazi", na asemaye aitwe "mtoa maoni", wala si "mshiriki", msomaji asije akadhani kuwa naye ana kura.