Mita 391 Nje ya Mpaka: Ufundi wa Francine Niyonsaba

Filamu ya Category: Woman, iliyotengenezwa mwaka 2022 na Bibi Phyllis Ellis wa Kanada, inawaonyesha Annet Negesa wa Uganda, Margaret Wambui na Evangeline Makena wa Kenya, na Dutee Chand wa India, wanariadha waliotiwa katika tashwishi kubwa kwa sababu ya wingi wa testosteroni, homoni ambayo miili yao wenyewe huitoa bila ya kuombwa. Ni filamu ya insafu, na aliyeitazama bila ya kuguswa moyo huyo ana moyo mgumu. Lakini vijana wa riadha wa hapa Kasense, nilioitazama pamoja nao, walitoka wakiwa na swali ambalo sikuweza kulipuuza: "Mwalimu, mbona wanalia sana na kukimbia kidogo?"

Swali hilo ni la haki. Huruma ni fadhila, ila humtazama mtu kwa yale aliyotendewa, ilhali mwanariadha hutaka kutazamwa kwa yale aliyoyatenda. Kwa hiyo leo naacha machozi kando, nimchambue mwanamke mwingine wa hali hiyohiyo ambaye filamu haikumhusisha, na ambaye kwetu sisi wa Ufipa ni wa karibu kuliko hao wote: Francine Niyonsaba, mzaliwa wa Ruyigi huko Burundi, eneo linalopakana na Kigoma, katika nchi ambayo fukwe zake za Ziwa Tanganyika hupigwa na maji yaleyale yanayofika Kasanga yetu.

Tarehe 20 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, fainali ya mita 800 ilikwisha hivi: Caster Semenya wa Afrika Kusini, dakika 1 na sekunde 55.28, Niyonsaba, 1:56.49, Wambui, 1:56.89. Fedha hiyo ilikuwa medali ya pili ya Olimpiki katika historia ya Burundi. Mwezi Mei 2019, baada ya Semenya kushindwa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, kanuni mpya za shirikisho la riadha duniani zikaanza kazi, zikimtaka kila mwanamke wa maumbile hayo anayetaka kukimbia mashindano ya kimataifa, kuanzia mita 400 hadi maili moja, aishushe testosteroni yake chini ya nanomoli 5 kwa lita moja ya damu kwa muda wa miezi sita kabla ya kushindana. Mwaka huohuo Niyonsaba alitangaza hadharani kwamba naye ni mmoja wao, na kwamba hatameza dawa.

Haifai kusema kwamba wapinzani wake wote ni watu wa husuda. Mwanamke aliyefanya mazoezi miaka kumi akaikosa medali ana haki ya kuuliza swali lake, na testosteroni si kitu cha kupuuzwa katika misuli. Walakini utafiti wa mwaka 2017 ambao shirikisho liliuegemea ulionyesha tofauti kubwa katika kurusha nyundo na kuruka kwa upondo, na michezo hiyo miwili haikutiwa katika kanuni. Tena mwaka 2021 waandishi wake wenyewe walichapisha sahihisho kwamba matokeo yao hayathibitishi kuwa homoni ndiyo sababu. Mpaka uliowekwa kwa mizani ya namna hiyo una nyufa, na Niyonsaba aliuona ufa. Maili ni mita 1,609. Kupita hapo, njia ilikuwa wazi.

Sasa ufundi wenyewe. Tukiligawa kila shindano kwa mizunguko ya mita 400, Rio alikwenda kila mzunguko kwa wastani wa sekunde 58.2. Zagreb, tarehe 14 Septemba 2021, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56, wastani wake ulikuwa 64.3. Brussels, siku 11 kabla yake, mita 5,000 kwa 14:25.34: sekunde 69.2. Tokyo, katika fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki, 30:41.93: sekunde 73.7, mara 25 mfululizo. Masafa yaliongezeka zaidi ya mara kumi na mbili, na mzunguko ukachelewa kwa sekunde kumi na tano na nusu tu. Siri iko katika mita 800 zenyewe, mbio ambazo watu huzidhania kuwa za misuli mitupu, ilhali zaidi ya nusu ya nguvu inayotumika humo hutoka katika pumzi. Kwa hiyo hakuanza kujenga pumzi kutoka sifuri, alipanua msingi aliokuwa nao, na juu ya msingi huo alibaki na akiba ya kasi ambayo mkimbiaji wa masafa hawezi kuipata kwa kutamani. Mwenye kujua mzunguko wa sekunde 58 huuona wa 64 kuwa mlegevu. Anayetoka upande wa mita 10,000 huuona huohuo kuwa ukingo wa uwezo wake.

Ugeni ulimgharimu mara moja, na kwa uchungu. Katika mchujo wa mita 5,000 Tokyo alikanyaga ndani ya mstari akaondolewa. Nadhani ni kosa la mtu aliyezoea mbio za mizunguko miwili, ambazo huanza kila mmoja katika njia yake, na ambaye hajazoea kusongwa na kundi kwa mizunguko 12 na nusu. Siku nane baadaye alikuwa wa tano katika mita 10,000.

Ningependa kila kijana azitazame mbio za mita 5,000 za Zürich, tarehe 8 Septemba 2021. Uwanja wa mbio ulitandazwa katikati ya mji, mzunguko wa mita 560, na aliyekuwa naye ni Hellen Obiri, bingwa wa dunia mara mbili wa mita 5,000. Baada ya dakika kumi na nne mbio ziliamuliwa kwa sekunde 0.70, na Niyonsaba akashinda kwa 14:28.98. Hapo ndipo mita 800 alizonyimwa zilipomlipa.

Burundi, kwa kweli, ilikwisha kuona mhamo wa namna hiyo: Vénuste Niyongabo, mkimbiaji wa mita 1,500, alihamia mita 5,000 mwaka 1996 akatwaa dhahabu ya Atlanta. Tofauti ni kwamba Niyongabo alihama kwa hiari yake.

Rekodi ya Zagreb iliwekwa mita 391 nje ya mpaka wa kanuni, na shirikisho halikusahau. Mwezi Machi 2023 kanuni zilipanuliwa kufikia mashindano yote, kiwango kikashushwa hadi nanomoli 2.5, na muda wa kungoja ukawa miezi 24. Jessica Hull wa Australia alipoipunguza rekodi hiyo hadi 5:19.70 mjini Monaco mwezi Julai 2024, alikuwa akikimbia katika shindano ambalo Niyonsaba, bila ya dawa alizozikataa, hakuruhusiwa tena kuingia.