Asumini: Tazama Tumba, Majani Baadaye

Ukitaka kujua kama mwasumini umelelewa na mjuzi, kautazame alasiri. Asubuhi kila mwasumini ni mzuri: maua yamefunguka, harufu imetanda, na mgeni amekwisha pumbazika. Alasiri ndipo yanapoonekana matumba ya usiku ujao, na mtunga vikuba vya maua hununua tumba.

Anza na ncha ya tawi. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, na mara nyingi ncha moja hubeba matumba matatu. La katikati hutangulia. Likiwa tayari huwa limejaa, jeupe tangu kitakoni hadi nchani, petali zingali zimefumba. Yale mawili ya pembeni bado yana ukijani. Mchumaji hodari hupenyeza vidole, akalitoa lile moja, akayaachia mawili siku zake. Ukikuta ncha zimekwanyuliwa zote kwa pamoja, mwenyewe ana haraka. Tumba bichi halifunguki hata likikaa nyweleni usiku kucha. Lenye madoa ya zambarau likatae. Ukilipasua, huenda ukamkuta funza ndani.

Tazama pia kishingo cha ua, pale uzi unapopita, na petali zenyewe. Asumini ya Madurai, kusini mwa India, ambayo jina lake lilisajiliwa kisheria mwaka 2013, husifiwa kwa petali nene na harufu isiyokatika upesi. Ipo pia aina ya petali nyingi zilizokunjana, Grand Duke of Tuscany, inayofanana na waridi dogo. Wapo wanaoililia. Kwangu hiyo ni ya kupamba baraza tu: ua zito, na likizeeka hubaki tawini limegeuka hudhurungi.

Sasa majani. Mwasumini uliosongamana majani mapana, mabichi, husifiwa na kila apitaye njia. Mimi huuliza samadi imemwagwa kiasi gani, maana naitrojeni ikizidi mmea hunenepa ukasahau kuchanua. Kivulini nako ni hivyo hivyo. Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Inama uangalie shina: mwasumini wa mjuzi una makovu ya panga, kwa kuwa baada ya msimu wa maua hupogolewa mpaka usawa wa magoti. Usiokatwa huranda ovyo, na maua yakaenda juu mkono usikofika.

Pwani kuna mtego mwingine. Kwenye ardhi ya matumbawe, au penye kifusi cha chokaa cha nyumba ya zamani, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi hukimbilia kuongeza maji. Shida ni chokaa, inayouzuia mmea kupata madini ya chuma. Mboji nyingi husaidia, na isiposaidia, pandia kwenye chungu. Geuza na jani lenyewe: vidoa vidogo na utando mwembamba ni utitiri, na maji yaelekezwe upande wa chini wa majani.

Mwasumini kwa kawaida hauzai mbegu, hivyo mche unaouziwa ni kipande cha mti mwingine. Omba uonyeshwe huo mti mama, uchume tumba moja jeupe, ulilaze kwenye kisahani chenye kitambaa kibichi. Isha ikipita halijafunguka, tafuta mche kwa mwingine.