Hadhari ya Mafundi wa Nachingwea na Ruangwa

Tangu zama za mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa 1951, matrekta yalipoletwa Nachingwea kufyeka msitu, injini haikuwa tena kitu kigeni katika nchi hii. Na mafundi wa leo, ambao huko na Ruangwa huyatengeneza malori ya korosho na ufuta, wanastahiki pongezi, si kwa wepesi wa mikono tu, bali kwa hadhari yao. Akitokea kijana atakaye gari lake liongezewe nguvu kwa gesi ya naitrasi oksaidi, fundi mwaminifu humweleza kwanza kwamba gesi hiyo, ikipata joto ndani ya silinda ya injini, hutoa oksijeni, na petroli isipoongezwa kwa kadiri yake, pistoni huyeyuka. Kisha huchomoa plagi, akaigeuza mwangani, na akiona ncha imepauka, au chembe za aluminiamu zimeganda juu yake, huikataa kazi, hata fedha ikiwa tayari mkononi. Kukataa huko, kwa rai yangu, ndiko kilele cha ustadi. Na akiikubali kazi, mtungi wa gesi hiyo huufunga imara kwa vyuma, mbali na bomba la moshi. Ewe mwenye gari, fundi wa namna hiyo mlipe ujira wake kamili, wala usimharakishe.