Hotuba ya Zernike juu ya Kuona Seli Pasipo Rangi

Hotuba aliyoitoa Frits Zernike mjini Stockholm mwezi wa Desemba 1953, alipopewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ni fupi, nayo yasomeka hata kwa asiyekuwa mtaalamu wa mwanga. Yasimulia jinsi alivyovumbua njia ya kuzionyesha seli hai katika hadubini bila ya kuzitia rangi.

Ugumu uliokuwapo ni huu. Seli mbichi, iliyotolewa mwilini sasa hivi, ni kama maji ndani ya maji: mwanga waipenya bila ya kupungua, na jicho haliambulii kitu. Kwa hiyo wataalamu wa karne ya 19 walizoea kuikausha tishu kwa dawa, kuikata vipande vyembamba na kuitia rangi. Sura ikatokea wazi, lakini ilikuwa sura ya maiti. Na mara nyingine haikujulikana kama kilichoonekana kilikuwa cha seli au cha dawa.

Zernike haanzii hapo. Akiri kwamba mwanzoni hakuwa akishughulika na hadubini, bali na sahani yenye mistari maelfu iliyochongwa karibu karibu, itumiwayo kutenga rangi za mwanga. Mnamo 1930, huko Groningen, aliona michirizi juu ya uso wa sahani hiyo. Akaielekezea darubini ndogo kutoka mita 6. Mara uso ulipoonekana barabara, michirizi ikatoweka! Mtungaji mwingine angaliharakia ushindi. Yeye asimama hapa, amwache msomaji ashangae pamoja naye, na sehemu hii ndiyo bora ya hotuba nzima.

Neno “awamu”, ambalo kwa mazoea ni zamu au kipindi, lahitaji maelezo katika habari hii. Mwanga uliopita ndani ya seli huchelewa kidogo nyuma ya ule uliopita pembeni, kama mchi unavyochelewa nyuma ya mwenziwe watu wawili watwangapo kinu kimoja. Sikio lingetambua; lakini jicho hutambua nguvu ya mwanga na rangi yake tu, si kuchelewa kwake. Zernike aliweka njiani kipande cha kioo kilichochimbwa kidogo, kiasi cha kuusogeza mwanga wa moja kwa moja kwa robo ya wimbi, upate kuafikiana au kupingana na ule uliotawanywa na seli. Kuchelewa kukageuka kuwa giza na nuru.

Kisa kipendwacho mno na wasomaji ni cha safari yake ya Jena mwaka 1932, alipoipeleka njia hiyo kwa kampuni ya Zeiss, naye mmoja wa wakongwe wa huko akadhani kwamba kama ingalikuwa na faida, wao wenyewe wangaliivumbua zamani. Chachekesha, lakini humpotosha msomaji. Nadharia ya Ernst Abbe ya mwaka 1873, ambayo pasipo hiyo Zernike asingalielewa alichokiona, ilizaliwa katika nyumba hiyo hiyo ya Zeiss. Tena ni hapo hapo Kurt Michel alipotengeneza, mwaka 1943, filamu ya seli za mbegu za panzi zikigawanyika, hai, pasipo rangi. Filamu hiyo yasadikisha kuliko hesabu yoyote ya mawimbi.

Njia yenyewe ina mipaka. Ukingo wa seli huzungukwa na mwangaza ambao si sehemu yake, na katika kipande kinene cha tishu seli za juu na za chini huchanganya ucheleweshaji wao, sura ikavurugika. Kwa sababu kama hizo Georges Nomarski alitafuta njia nyingine katika miaka ya 1950. Mwanafunzi atakaye kuchunguza ini au figo mbichi hatapata humu shauri la chombo cha kutumia. Yampasa ageukie maandishi ya waliomfuata Zernike.