X Isiyokuwa Kosa

"Ticha, mbona umejikosoa na hata hatujaanza?"

Aliyeuliza alikuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja, amebanwa kwenye benchi la dirishani. Nilikuwa nimeandika ubaoni x + 7 = 12. Wenzake walicheka, mimi nikabaki na chaki mkononi. Chumba chetu cha tuisheni kiko Shauri Moyo, Nairobi, ambako kila Jumamosi nyundo za mafundi wa Kamukunji hugonga tangu asubuhi. Kwa dakika ile zilisikika hizo tu.

Baadaye nilifungua daftari lake nikamwelewa. Tangu aanze shule, x yake imekuwa ya wino mwekundu, imelala juu ya jibu lililokataliwa. Kwenye jedwali la kuzidisha alikutana na pacha wake, alama ya "mara". Na nje ya darasa, mtoto wa mitaa hii ya Eastlands ameona x kubwa ikipakwa rangi kwenye ukuta wa nyumba ya watu, na anajua kwamba baada ya rangi huja tingatinga. Mtaa huu wenyewe uliota kutokana na ubomoaji: mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja kijiji cha Pangani, na wengi wa wenyeji wake wakahamishiwa huku. Basi mtoto anayeikimbia x hajapungukiwa akili. Anajua kusoma.

Kazi ninayotaka kuisifu hapa ni ndogo, ya Jumamosi tatu au nne: kumkutanisha mtoto na namba asiyoijua, wakae pamoja bila mmoja kumtimua mwenzake.

Mimi huuacha ubao nikachukua gorogoro mbili, yale makopo ya kilo mbili ya mafuta ya kupikia yanayopimia mahindi na maharagwe sokoni. Nachora mstari wa chaki katikati ya meza. Kushoto naweka gorogoro mbili zilizofunikwa, na pembeni yake vifuniko vitatu vya soda. Kulia naweka vifuniko kumi na kimoja. Nawaapia kwamba idadi ya vifuniko ni sawa pande zote mbili, na kwamba kila gorogoro imebeba sawa na mwenzake. Kisha nanyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Mikono inawasha kufungua. Mmoja anatikisa kopo sikioni kama anayechagua nazi. Mwingine anabahatisha, "Nne!", na kweli ni nne. Simkemei, kwani kubahatisha ni mlango wa kufikiri. Ila wiki ijayo vifuniko vitakuwa vingi na bahati itamchosha. Siku moja njia ilikuja na msichana aliyenyoosha mkono akaondoa vifuniko vitatu vya kushoto, akasita, akatazama kulia, akaondoa vitatu vingine. Pale aliposita ndipo aljebra ilipoingia chumbani. Hakuna aliyemfundisha. Aliona tu kwamba akitoa huku bila kutoa kule, kiapo changu kitageuka uongo.

Wengi wetu tulipewa njia ya mkato: namba ikivuka alama ya sawa, inabadilika, ya kujumlisha inakuwa ya kutoa. Njia hiyo inaleta majibu, na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilitaka uchague A, B, C au D. Haikuuliza umepita wapi. Lakini mtoto hubaki akidhani pale mpakani kuna mganga. Siku akikuta namba inayozidisha, huivusha vilevile, kisha hushangaa dawa imekosa nguvu.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa elimu hii jina, alikiandika Baghdad yapata mwaka 820 bila x hata moja. Alitumia maneno matupu, na namba iliyofichika aliiita "kitu". Mazoea ya kuiandika x yalienea baada ya kitabu cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637. Katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi kuna al-jabr, kurudishia kilichopunguka, neno lililotumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Na kuna al-muqabala, kuzikabilisha pande mbili. Hilo la pili tunalo kinywani: ukimwelekeza mgeni duka lililo mkabala na kituo cha basi, umelitumia. Hesabu tunayo, sawa tunayo. Tunaye hata fulani, ambaye twaweza kumdai, kumsema na kumsamehe bila kumjua wala kumtaja. Mtoto huja darasani fulani akiwa tayari ulimini mwake. Kilichobaki ni kumpa chaki.

Ukitaka kuwaona watu wazima wakiishi na fulani, teremka Kamukunji shule zinapofunguliwa Januari, wazazi wakinunua masanduku ya bati ya wanaokwenda bweni. Tuseme fundi ana bati la upana wa futi nne, yaani inchi 48, na atalikunja liwe mbele, kitako na nyuma kwa kipande kimoja. Mzazi anataka kitako cha inchi 20. Mikunjo ya kingo inakula inchi moja kila upande. Kimo bado hakijulikani. Fundi anatoa 20, anatoa 2, anabaki na 26. Anagawa pande mbili, 13. Kabla ya kushika makasi anarudia kwa kidole juu ya bati: 13, 20, 13 na mikunjo, 48. Bati likishakatwa halirudi, kwa hiyo jibu linapelekwa kwanza nyumbani kwake kuonekana kama linaenea. Nilipoandika ubaoni 2k + 20 + 2 = 48, nikieleza kwamba k ni kimo, mvulana wa dirishani aliitazama kidogo akasema, "Hiyo ni sanduku ya brathe."

Mimi nami nilijifunza. Siku hizi kosa naliwekea nukta, na x nimeiachia kazi yake. Mvulana yule ndiye aliyegundua kabla ya wenzake. Nilimrudishia zoezi la maswali kumi, akahesabu nukta, zilikuwa nne. Hakuhesabu aliyoyapata. Aliandika chini ya ukurasa 4 + x = 10, akaniletea nimalizie.

Nilimrudishia daftari. Alirudi dirishani, akainama, akaandika 6, akaipigia mistari miwili.